Mama Mkwe Akiongea na Gari

Mimi ni dereva wa bajaji hapa Ifakara. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliniacha, hilo bado tunabishana. Kwa hiyo masika yale nilipoazimwa pikapu ya fowili, ile inayosukuma kwa magurudumu yote manne, nimpeleke mama mkwe kijijini Mbingu, kwenye mazishi ya dada yake, maelezo ya rafiki yangu mwenye gari niliyasikiliza kama nilivyosikiliza shule. Nusu.

Mke wangu alishatangulia msibani. Tulikuwa wawili tu, na kwa heshima ya kwao mama mkwe hampi mkwewe maelekezo uso kwa uso. Alikaa kiti cha nyuma. Alitaka kitu kimoja: amwone dada yake kabla jeneza halijafungwa.

Tulipoacha barabara kubwa na kuingia mashambani nikafuata alama za trekta. Nyuma nikasikia, "Wewe gari, trekta linaenda kulima. Halijafiwa."

Sikujua nijibu mimi au nisubiri gari lijibu. Nikaendelea na zile alama. Tukaingia kwenye jaruba la mpunga, tukakwama.

Nikavuta ile gia ndogo ya fowili, nikakanyaga mafuta. Tope likaruka. Nikarudi nyuma, gari likazama vizuri zaidi.

"Gari," akasema mama, "magurudumu ya nyuma yanahangaika, ya mbele yamelala. Kwani ukoje?"

"Samahani, mama."

"Sijaongea na wewe, baba."

Kisha akafungua mlango, akashuka topeni na kitenge chake cha msiba, akainama dirishani na kuniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. "Baba, magurudumu ya mbele hayazunguki. Dada yangu anakwenda kufukiwa. Fanya kitu."

Ndipo nikakumbuka maneno ya rafiki yangu: katikati ya magurudumu ya mbele kuna loki, zinazungushwa kwa mkono ndipo fowili ishike. Nikapiga magoti kwenye tope, nikazungusha huku na huku bila kujua upande upi ni kufunga. Nikarudi kwenye usukani, nikajaribu tena. Gari likatoka.

Tukafika misumari ya jeneza ishaletwa. Wakamfunulia. Mama akamshika dada yake shavu, akaongea naye taratibu.

Mimi nikaanza kulia. Marehemu sikuwahi kumwona hata siku moja. Nililia mpaka wafiwa wakawa wananipa pole mimi. Mke wangu akaja, akanivuta shati.

"Wewe, huyu umemjulia wapi?"

Nikamwonyesha mama yake kwa kidole chenye tope, bado anaongea na dada yake.