Ndege ya Ghorofani
Mama alikataa katakata. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma uuguzi India, wafadhili wameshalipa ada, pasipoti ninayo, baba ameshanibariki, ila yeye akasema hakuna mtoto wake atakayepanda ndege. Na bila ruhusa yake mimi sikuwa naenda popote. Nani anavuka bahari huku mama yake amenuna?

Wala hakuogopa ndege kuanguka. "Basi likikwama kwenye matope tunashuka wote tunasukuma," aliniambia siku moja akikamua ng'ombe. "Huko juu mkikwama, mnashukia wapi?" Mimi nilichukua ndoo ya maziwa nikaondoka.

Ndipo nikasikia habari za ile apatimenti ya Mbulu mjini. Mama mmoja mfanyabiashara alikuwa amejenga ghorofa kwenye mtaa wa makazi, katikati ya nyumba yenye banda la ng'ombe na nyumba ya mwalimu mstaafu, na sehemu ya juu akaigeuza kuwa ndege ya kulala wageni. Viti vya ndege kabisa, vya mitumba! Madirisha ya mviringo, mawingu yamechorwa ukutani, vitanda viwili nyuma ya pazia. Watu walikuwa wanatoka mpaka Arusha kuja kupumzika humo na kupiga picha. Nikasema, hapa hapa mama ataizoea ndege.

Nilimwambia mama tunakwenda kulala siku mbili kwenye nyumba iliyotengenezwa kama ndege. Basi akajiandaa kama anasafiri kweli. Alivaa gauni la kanisani, akachemsha viazi vya kula njiani, akajaza maziwa ya mgando kwenye kidumu, halafu akapita kwa majirani zetu wa kijijini Masieda, nyumba kwa nyumba, kuaga. Kuaga! Mbulu mjini!

"Mama, si tunarudi keshokutwa?"

"Nyamaza. Ndege ni ndege."

Mwenye nyumba alitupokea mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akamgeukia mama: "Karibu kwenye ndege, dada." Mama akavua viatu ngazini. Alipoingia akashika mdomo. "Yesu wangu!" Akapapasa mawingu, akachungulia choo, akauliza maji machafu ya huko angani yanamwagikia nani. Kisha akachagua kiti cha dirishani, akajifunga mkanda, akafumba macho na kusali kwa Kiiraqw, lugha yetu. Mimi nilijawa na furaha. Amekaa! Mama yangu amekaa kwenye kiti cha ndege!

Alipofumbua macho, watoto wa mtaa walikuwa wamejaa barabarani. Kumbe ndiyo kawaida yao, mgeni akikaa dirishani tu wanakuja kumpungia. "Kwaheriii! Utuletee pipi!" Wanaruka, wanasukumana, mbuzi wa jirani wanakimbia ovyo. Mama aliangalia nyuma yake, labda ni mtu mwingine anayepungiwa. Halafu akainua mkono. Watoto wakazidi kupiga kelele, naye akapunga mikono yote miwili, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Sikuwahi kumwona mama yangu akicheka vile mbele za watu. Nilipiga makofi kama mwendawazimu.

Watoto walipotawanyika, akabaki akiangalia barabara.

"Kumbe anayeondoka ana raha hivi," akasema. "Kazi ni kwa anayebaki."

"Mama..."

"Subiri." Alihangaika na mkanda mpaka ukafunguka, akasimama katikati ya viti, amekunja mikono kifuani. "Chukua begi lako. Toka."

"Nitoke niende wapi?"

"Toka, wewe! Niage vizuri, ufunge mlango, ushuke mpaka chini. Nataka kuona kama nitaweza kubaki."

Nikabeba begi. Nikamuaga vizuri, kama alivyotaka. Nikafunga mlango, nikashuka ngazi, nikasimama pale barabarani. Moyoni nilikuwa naruka kuliko wale watoto. Niliporudi nilimkuta amesimama palepale, anajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Umeweza, mama?"

"Bado," akasema. "Toka tena."