Ukuta Usiopakwa Rangi

Teksi ilinishusha mtaa wa tatu ambao dereva aliapa ndio wenyewe, na safari hii kiapo kilikuwa cha kweli. Mama mmoja mrefu alisimama mlangoni, akalitazama begi langu kabla ya kunitazama mimi.

"Umelifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Haya, karibu. Chumba ulichopanga ni cha nyuma."

Majirani humwita Mama Forodha. Alipekua mizigo ya wasafiri miaka thelathini na mmoja, akastaafu bila kuacha kupekua. Sasa alikuwa anauza nyumba ahamie kwa dada yake, safari ya siku mbili. Dada huyo macho yalikuwa yanazimika na hana mwingine. Wanunuzi wawili walishakuja, wakaona doa la maji ukutani sebuleni, wakaaga hata soda hawajamaliza.

Kesho yake akaja fundi rangi.

"Shangazi, mikono miwili tu ya rangi, doa halionekani tena."

"Mwanangu, niliowakamata wengi niliwakamatia kwenye ushonaji mpya ndani ya begi kuukuu. Palipo papya ndipo penye jambo. Nenda zako."

Akaita fundi bomba. Bomba lililooza likatolewa, likatiwa jipya. Mfereji wa paa ukazibuliwa, vioo vilivyopasuka vikabadilishwa, bawaba zikatiwa mafuta. Fundi aliposhika mwiko azibe ukuta, akazuiwa.

"Acha wazi. Mnunuzi alione bomba kwa macho yake."

"Mama, unauza nyumba au unafanya maonyesho?"

Siku nne nikanywa chai nikitazamana na lile tundu. Mvua kubwa ikanyesha, ukuta ukabaki mkavu.

Mnunuzi wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Alichungulia tunduni, akanusa, kisha akaenda kugonga ukuta wa upande wa pili.

"Hapa umeniacha nione. Kwa nini?"

"Ili uone."

"Anayeonyesha sana, mama, ana mahali hataki patazamwe."

Nadhani Mama Forodha alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe. Kisha akavua shada la funguo kiunoni, yeye ambaye hata kopo la sukari alilifungia kabatini.

"Pekua. Kila chumba, kila kabati. Mimi nakaa nje."

Baada ya saa mbili mwalimu alitoka na utando wa buibui kichwani, akanigeukia.

"Mvua ya juzi ulilala humu?"

"Humu humu."

"Ulihamisha kitanda?"

"Sikuhamisha."

"Wewe ni nani wake?"

"Mpangaji tu. Mimi ni mpita njia."

"Mpita njia hana sababu ya kusema kweli, kesho hayupo," akasema. "Nitanunua, ila huyu asiondoke mpaka mvua ziishe. Paa likivuja nataka nijue wa kumshika."

Nilikuwa na tiketi ya Alhamisi. Mama Forodha hakuniomba kitu. Alinitazama tu, kisha akatazama simu yake, ambayo dada alikuwa akiipiga kwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Nitabaki," nikasema.

Jumamosi gari lilikuja kumchukua Mama Forodha. Alikuwa tayari ndani, simu sikioni.

"Keshokutwa nimefika, dada. Mlango usimfungulie mtu mpaka usikie sauti yangu. Na ukiisikia, niulize kwanza jina la mama."

Gari lilipokata kona, mwalimu alikwishapanda ngazi, anagonga paa.