Mashine Ikilia, Watu Wasikie

Ipo siku moja kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, mpaka wajukuu wanaulizana kama bibi yao ni mzima. Nitakusimulia, mwanangu, kwa sababu nimekuona ukipita hapa na mashine ya kutafutia madini begani. Nilidhani unaelekea Geita kutafuta dhahabu. Ukaniambia, "Hapana mama, natafuta sarafu za kale kwenye bustani za mji na viwanja vya minada." Loo! Wenzako wanahangaika na utajiri, wewe unatafuta hela zisizonunua hata nyanya! Nimekupenda kwa hilo. Keti basi, chukua hayo matobolwa utafune taratibu. Viazi vikavu vya kuchemsha havitaki haraka, na nasaha nazo ni hivyohivyo.

Mimi nami niliwahi kuishika hiyo mashine. Usinitazame hivyo, nilikuwa msichana na mikono yangu ilikuwa na nguvu. Kaka yangu alikuwa mchimbaji mdogo huko Geita. Maduara yao, yale mashimo ya kuchimbia, yalipojaa maji ya mvua, akarudi nyumbani, karibu na Kharumwa, akaja na mashine ya kikundi chao. Akanifundisha kuipitisha juu ya ardhi polepole, kama unayefagia bila kugusa chini. Akanifundisha na adabu ya machimboni: "Mashine ikilia, usiruke wala usiseme. Vaa hedifoni asisikie mwingine. Piga kisigino uweke alama, upite zako kama mtu anayeota jua, kisha urudi uchimbe ukiwa peke yako." Huko ni busara, maana ukishangilia, hujainama bado watu wameshakuzunguka na majembe.

Basi nikaichukua adabu hiyo nikaenda nayo kwenye uwanja wa zamani wa ngoma, nyuma ya kijiji chetu. Wewe umezaliwa mjini, ngoja nikueleze. Sisi Wasukuma tuna pande mbili za ngoma, Wagika na Wagalu, na kila ukoo una upande wake. Baada ya mavuno walikuwa wanashindana hapo, kila upande na ngoma yake, kwa wakati mmoja. Watazamaji wakikuhama wakaenda kwa mwenzio, umekwisha. Na watazamaji walikuwa wanatuza, sarafu zinaruka, nyingine zinapotelea kwenye vumbi. Nilikuwa naziokota senti zile za zamani zenye tundu katikati, nazitunga kwenye uzi. Kwa kila senti moja nilifukua vizibo vya soda vya kujaza kofia, lakini raha yake, mwanangu, we acha tu.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinaniuma. Nilikuwa na mchumba, Luhende, huyuhuyu mzee anayekoroma humo ndani. Tulipendana, lakini baba yake, Mzee Maganga, alikuwa hataki kusikia. Katika ujana wake alikuwa mchezaji kiongozi wa Wagika, na alikuwa anavaa njuga za shaba alizopewa na babu yake. Siku ya mashindano makubwa, katikati ya ngoma, njuga za mguu mmoja zikapotea. Mdundo ukamtoka, watu wakahamia kwa Wagalu, Wagika wakashindwa. Na aliyekuwa amekatiza mbele yake kumtania muda ule alikuwa nani? Baba yangu, Mgalu! Mzee Maganga akaapa kuwa baba ndiye aliyezichomoa. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Luhende alipotaja jina langu nyumbani kwao, mzee alijibu, "Ng'ombe wangu hawataingia zizi la mwizi." Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe tulikuwa mimi na Luhende.

Siku moja mashine ikalia pembeni ya uwanja ule. Nilikuwa na hedifoni, hakusikia mtu. Nikapiga kisigino, nikapita zangu. Mchana watu walipokwenda kula, nikarudi peke yangu nikachimba. Mwanangu, ilikuwa njuga! Moja tu, ya shaba, na mdomoni ina mikato miwili, ile alama ya mhunzi ambayo Mzee Maganga aliitaja kila alipolewa. Nikafukia shimo vizuri hata sisimizi asijue. Nikaipeleka nyumbani, nikaisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa. Niliona nimeshaolewa.

Nikaenda nayo kwa Mzee Maganga, nikapiga goti, "Shikamoo baba, nimekuletea mali yako." Akaitikisa sikioni. Machozi yakamjaa, na mimi nikaanza kutabasamu. Kisha akaitazama ilivyong'aa, uso ukamgeuka. "Kumbe! Baba yako amechoka kuificha, sasa anamtuma binti ailete. Na ameitunza vizuri!" Nikamwambia nimeifukua uwanjani. Akauliza wapi. Nikasema pembeni. Akauliza nani aliniona. Hakuna aliyeniona. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe haonekani mtu! Nikatoka pale nalia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa. Baba naye habari ilimfikia kabla yangu, akanikataza nisilitaje tena jina la Luhende chini ya paa lake.

Njiani nilifuatwa na dada mkubwa wa Mzee Maganga, Shangazi Milembe, ile njuga mkononi mwake. Mwanamke mfupi, mdomo mrefu, Mungu amrehemu. Hakunibembeleza hata kidogo.

"Ng'wanawane, mwanangu, hii uliiokota ardhini au uliinunua dukani?"

"Ardhini, shangazi."

"Udongo wake uko wapi? Shimo lake liko wapi? Umeukuta ukweli umejilalia mahali pake, ukauamsha, ukauosha, ukauleta umevaa nguo mpya. Nani ataujua?"

Akaendelea, "Machimboni wanaficha kwa sababu hawataki kunyang'anywa. Wewe ulikuwa unachimba mali ya mtu. Mwenye mali ndiye anayeitwa kwanza, wewe ukamfanya wa mwisho." Halafu akacheka, maana hakuweza kukasirika muda mrefu. "Haya, futa kamasi. Njuga hazivaliwi moja. Zilizobaki bado ziko chini. Usiende kuzigusa mpaka nikuambie."

Jumapili baada ya misa, Shangazi Milembe akawatoa wazee wote wawili. Alimwambia kaka yake kwamba Ng'wandu, yaani baba yangu, anaogopa kufika uwanjani. Akaja kwetu akasema Maganga anaogopa. Basi! Wazee wawili walifika kabla ya watu wengine, wakasimama huyu huku, yule kule, wamenuna kama ndama waliotengwa na mama zao. Kijiji kizima kikafuata, maana kwetu habari haihitaji redio.

Nikavua hedifoni, nikachomoa waya wake. Nikaiacha mashine ilie kwa sauti yake yote. Ilipolia mara ya kwanza watu wakanyoosha shingo, nikachimba, nikatoa kizibo cha soda. Kicheko! Ya pili, msumari. Ya tatu, kizibo tena. Mzee Maganga akapaza sauti, "Ndiyo mali yangu hiyo? Nilikuwa nacheza na vizibo?" Aibu ilinichoma, lakini nikamfuata nikasema, "Baba, nionyeshe ulipopita siku ile."

Alitaka kukataa. Lakini mcheza ngoma, mwanangu, umuulize habari ya ngoma yake kisha akae kimya? Akasogea katikati. "Nilianzia hapa," akasema, mguu umeshaanza kucheza. "Nikaja hivi, nikageuka hivi, nikashuka moja kwa moja mpaka kule."

Kutoka ng'ambo baba yangu akashindwa kuvumilia. "Yaya! Hapana! Muongo! Hukushuka moja kwa moja. Ulipofika kwenye kichuguu ulipinda kulia, ukaruka!"

"Niliruka?"

"Uliruka! Ndipo nikakupisha, ungenikanyaga."

Mzee Maganga akasimama akifikiri. "Ni kweli," akasema polepole, "niliruka." Wakaanza kubishana hatua kwa hatua, mmoja anacheza, mwingine anamsahihisha, na mimi nyuma yao na mashine. Walikuwa hawajaongea tangu kabla sijazaliwa, na sasa hawakufunga mdomo. Kulia kwa kichuguu, pale baba alipoonyesha, mashine ikalia mpaka mbwa wakabweka.

Sikuinama. Nikarudi nyuma nikampa Mzee Maganga jembe. Akachimba mwenyewe, halafu akatupa jembe akachimba kwa vidole. Zikatoka njuga, zimeshikana kwa kutu ya kijani na udongo, na katikati yake kipande cha ngozi kilichooza. Alikigeuzageuza muda mrefu.

"Mkanda ulikatika," akasema. "Babu aliniambia niubadilishe kabla ya mashindano. Sikuubadilisha." Akanyanyuka, mikono imejaa udongo, akamwendea baba. "Ng'wandu, nilikuita mwizi mbele ya watu hawa na wazazi wao. Leo nasema mbele yao: hukuiba. Nilikosa mimi."

Baba yangu alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia, mzee mzima, na mimi nikalia naye, maana sikuwa nimejua jina lile lilikuwa linamuuma kiasi gani. Nilidhani mambo yote yalikuwa ya harusi yangu! Mzee Maganga akachuchumaa karibu yake, akamshika bega. Baada ya muda baba akafuta uso, akasema, "Maganga, njuga umezipata. Lakini ushindi bado ni wetu." Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, na aliyecheka zaidi ni Maganga mwenyewe.

Ng'ombe waliingia zizini kwetu msimu uleule.

Kwa hiyo, mwanangu, mashine yako ibebe, na sarafu zako katafute, ni kazi nzuri na inachangamsha roho. Ila kabla hujachimba, ukapige hodi kwa mwenye uwanja au mwenyekiti wa mtaa. Ukimaliza, fukia shimo, usije ukavunja mguu wa ndama wa mtu. Ukiona kitu chenye alama ya wenyewe, kiache kilivyo, uwaite watu wakione kingali na udongo wake. Mficha uchi hazai, na anayeokota kwa siri, hata akiokota haki, ataonekana mwizi. Na watu uwaambie ukweli mapema, kabla hujaanza kuung'arisha, maana wapo wanaozeeka na jina baya wakisubiri mtu mmoja tu aseme alichokiona.

Haya, simama uende, jua linapanda. Mungu akutangulie kila unapokanyaga, ardhi ikupe kilicho halali yako na ikufichie kisichokuwa chako. Uwe na jina safi midomoni mwa majirani, ukae na wazazi wako kwa amani, na siku ukipata mchumba, baba yake akupokee kwa kicheko.