Plafon Haishikwi kwa Pini

Siku ya kwanza niliingia garaji ya Katuba na mkasi wangu mwenyewe mkononi, ili wote wauone. Nilikuwa mshonaji wa nguo za wanawake. Shefu wa garaji aliniangalia toka viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Mama, huku hatushonake marobe."

"Kiti cha gari nacho kinavaa, Shefu."

Akacheka, akanionyesha mashini. Ndivyo nilivyoanza garnisaji, yaani kulivalisha gari ndani: viti, milango, na plafon, ile dari iliyo juu ya kichwa cha dereva.

Plafon ndiyo iliyonipa jina. Katika magari mengi ya zamani ni ubao mwepesi, chini yake sponji nyembamba, na chini ya sponji kitambaa. Joto la miaka linaigeuza sponji kuwa unga. Kitambaa kinakosa pa kushika, kinaning'inia.

Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu ya Kaskazini, alituletea gari la marehemu baba yake. Akirudi kutoka Kipushi, kitambaa kilikuwa kimemwangukia usoni. Gari lilitoka barabarani, likasimama karibu na mtaro. Jumamosi ile binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka kufika kanisani ndani ya gari la babu yake, si jingine.

"Tia bapini, gari iende," shefu akaniambia. "Arusi iko karibu."

"Pini itashika nini, Shefu? Sponji iko unga. Itaanguka tena, na bibi-arusi atakuwa ndani."

"Na ubao ikivunjika? Ingine hatutapata hapa."

Hapo alisema kweli. Ubao wenyewe ulikuwa umekauka kabisa. Papa Kambale alituangalia wote wawili, kisha akanigeukia.

"Mama Béa, toa. Minaamini mikono yako."

Nilifungua taa, vishikio, vizuia jua na plastiki za kando ya vioo. Fundi wa bodi alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukautoa ubao polepole kwa mlango wa nyuma. Kona moja ikalia. Tuliposimama nje niliona ufa, nikaubandika kitambaa kigumu kwa nyuma.

Kisha nikasugua unga wote kwa brashi laini mpaka ubao ukabaki mtupu. Kole, yaani gundi, inapakwa ubaoni na kwenye kitambaa pia, halafu unangoja mpaka ukiigusa isifuate kidole. Ukikosa subira inapenya kitambaa na kuacha doa lisilotoka. Nilianza katikati, nikikanda kwa kiganja kuelekea pembeni. Kwenye tundu la taa nilikunja ukingo mara mbili, mtindo wangu mwenyewe, kisha tukaurudisha ubao garini. Mwishoni hapakuwa na kunyanzi hata moja.

Jumamosi nilialikwa. Bibi-arusi alipoketi aliinua mkono, akaipapasa plafon kutoka mbele mpaka nyuma.

"Papa, iko sawa na wakati wa nkambo," alisema, akimkumbuka babu yake.

Baba yake akageuka pembeni, akatafuta kitambaa cha kufuta macho.

Jumatatu shefu alisema mbele ya mafundi wote: "Toka leo, Mama Béa akisema tutoe, tunatoa."

Baadaye nilitumwa Kipushi kuongoza garnisaji, kisha Kambove, ambako vumbi la migodi linaingia hata ndani ya mishono. Meneja wa kule alikuwa mtu wa maneno machache. Alinikabidhi magari yote ya kazi bila kuniuliza swali.

Sasa ninapumzika. Ninyi vijana mna gundi ya kupuliza na kitambaa kinachokuja na sponji yake. Vizuri sana. Lakini hakuna gundi inayoshika juu ya unga. Ondoeni kwanza kilichokufa.

Juzi nilipanda taksi ya zamani. Nikainua macho: kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara mbili kuzunguka taa, namna ambayo hakuna mwingine aliyeifanya.

"Mama, unaangalia nini?" dereva akauliza.

"Kazi yangu."

Naye akaangalia juu. "Hii haiyashukaka hata siku moya, mama."

"Ninajua," nikamwambia.