Nyongeza ya Mama wa Managu

Wewe unayerudi kwetu kijijini Ziwa na kabichi ya supermarket, unajua jirani yako anauza nini? Juzi nilimpata mama mmoja peke yake kwenye soko jipya la county, meza zingine zote tupu. Nikanunua managu, ile mboga yetu ya kienyeji. Akaniongezea mkono mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine tena.

"Mama, nyongeza imezidi."

"Shika tu. Ukienda nitaongea na nani? Wenzangu wote waliacha kuja, wanunuzi hakuna."

Nikakaa. Na hii degree yangu isiyo na kazi, nani ananingoja? Jirani yake akapita na mboga alizonunua mjini. "Haiya! Kumbe uko hapa?"

"Niko," mama akajibu, akigeuza majani yaliyoanza kunyauka.

Waheshimiwa mliofungua soko hili, utepe mlikata vizuri sana. Sasa lunch ya mikutano yenu inunuliwe hapo, na mje na vikapu wenyewe.