Upinde Juu ya Meko

Mfaume wa Ikwiriri ni fundi seremala, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Sasa mtu wa namna hiyo anajifunzaje kutengeneza upinde wa pembe kutoka kwenye kitabu cha Kizungu? Alisomewa na mkewe.

Rukaya alikuwa mhudumu wa gesti. Mgeni mmoja alikisahau kitabu chumbani, kikakaa mapokezi mwaka mzima, mwenyewe hakurudi, naye akakibeba nyumbani kwa ajili ya zile picha. Mfaume alipoziona, akili ikamruka. Upinde wa mti aliujua tangu utoto, wa kufukuzia ngedere mashambani. Lakini upinde wenye pembe tumboni, mti katikati na kano mgongoni, vyote vimeshikana kwa gundi ya samaki! Basi ikawa kila baada ya alasiri Rukaya anasoma, anatafsiri, anaandika kwenye daftari, na mumewe anamtazama mdomoni kama mtoto wa chuoni.

Kitabu kilitaka pembe za nyati. Nani anataka kesi ya nyara za serikali? Akachukua za ng'ombe, kwa wafugaji waliohamia bondeni. Akachemsha vibofu vya samaki mpaka majirani wakaziba pua. Kano akaziponda, akazichana nyuzi nyuzi, akazibandika moja moja. Kijiweni walimwita Bwana Mishale, naye akacheka nao. Rajabu ilipoandama, upinde ulikuwa umebaki kukaushwa tu. Rukaya akasoma: mwaka mmoja, pakavu, penye joto. Wakautundika darini jikoni, juu ya meko.

Wakati huo saratani ilikwisha kumwingia Rukaya, na wote wawili walijua. Mfaume alitaka kitu kimoja tu duniani: mkewe auvute ule upinde, apige mshale wa kwanza. Mara ngapi alishauri waufunge upote, ile kamba ya kuvutia, mapema, mwenzake akakataa katakata.

"Kitabu kimesema mwaka, Baba Hajira. Utauvunja."

Akatii. Mwanaume mbishi kama yule, anayebishana hata na mwenye mbao zake, akatii kitabu.

Rukaya alifariki Mfungo Nane, miezi kama miwili kabla Rajabu haijarudi. Mvua za vuli zilikuwa zinamwagika, hakuna kupika uani, kwa hiyo sufuria za matanga zikaingizwa jikoni kwake. Siku tatu wali na mchuzi vilichemka chini ya upinde. Nani angeukumbuka? Mwenyewe hakuukumbuka, mtu amezika mke. Baada ya hitima alipoinua macho, mvuke ulikuwa umekwisha kuilainisha gundi ikawa uji. Kano zinaning'inia, pembe imebanduka.

Akakikung'uta kitabu vumbi, akaenda kwa mwalimu Abbasi ili asomewe namna ya kuutengeneza upya. Mwalimu akatafsiri taratibu mpaka akafika penye habari ya kukausha. Miezi mitatu yatosha, akasoma. Mwaka ni kwa apendaye. Mfaume akamwomba arudie. Mwalimu akarudia, na maneno yakawa yaleyale.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwamvua, dada wa marehemu, akamuuliza kama Rukaya alikosea kusoma. Mwamvua alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Hakukosea, shemeji. Aliniambia ukishaumaliza utakaa kitandani pake umtazame anavyokwisha. Akataka uwe na kitu cha kungojea."

"Ningemtazama," Mfaume akasema. "Kwani mimi nilikuwa nangojea nini kingine?"

Akalia palepale barazani, mtu mzima, mbele ya wapita njia, wala hakujifuta. Alimkasirikia marehemu, akajichukia kwa kumkasirikia, kisha akamkasirikia tena. Mwamvua alimwacha alie, kwa sababu hata yeye ile siri ilikuwa imemlemea siku zote hizo.

Alipotulia akaanza kuhesabu kwa vidole. Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Upinde ungekuwa tayari Idi. Na Idi ile Rukaya alikuwa bado ana nguvu zake. Aliamka mapema akakalia mbuzi, akakuna nazi nne peke yake, na Mfaume alipotaka kumsaidia alimfukuza jikoni.