Mkono wa Kulia Ulikuwa Unasubiri

Mkufunzi alikuja Sumbawanga na sanduku dogo la vifaa mfano wa saa za mkononi. Kazi yake ilikuwa kutupima ustadi sisi madaktari wa upasuaji: unavivaa kwenye mikono yote miwili, unashona kidonda kwenye ngozi ya mpira, na kompyuta inachora jinsi mikono inavyosogea. Nilishona peke yangu, kwenye chumba chenye baridi yetu ya mwezi wa saba.

Nilipomaliza akanigeuzia kompyuta.

"Mikono yako imetulia sana, Daktari. Ila angalia hapa. Kila ukifunga fundo, mkono wa kulia unakwenda pembeni, unasimama, ndipo unarudi mezani kuchukua mkasi. Unasubiri nini?"

Nilimjibu kwamba ni mazoea tu. Lakini nilijua. Kwa miaka mingi nilifanya kazi na muuguzi mmoja, mama wa Kifipa, aliyesimama kulia kwangu. Sikuwahi kumwomba mkasi. Nilikuwa nafungua kiganja tu, naye anauweka. Tulimaliza operesheni nzima bila kusemeshana, na mimi niliyehamia huku bila ndugu, ukimya ule ulinitosha. Kisha akastaafu, akarudi kwao Chala.

Jioni ile nikampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Daktari. Kuna mgonjwa?"

"Hapana. Nakusalimia tu."

Hakuzoea kusikia hivyo kutoka kwangu. "Sisi tunavuna ulezi. Huyo binti aliyeshika nafasi yangu anaendeleaje?"

"Vizuri."

"Unaongea naye lakini?"

Nikaanza kumuuliza habari za ulezi.

"Mimi nilikuzoea, mwanangu. Yeye utamtesa bure." Mtu akamwita kwa Kifipa, akaniaga harakaharaka.

Kesho yake, katikati ya operesheni, nikasema, "Naomba mkasi, sista." Yule binti akashtuka, nusura auangushe. Baadaye, tukinawa mikono, nilimuuliza kwao ni wapi.

"Mpui," akasema, akinitazama kama mtu anayesubiri kugombezwa. Nikachukua taulo, nikajifuta. Akafunga bomba, akatoka.

Mkufunzi alinipima tena kabla ya kuondoka. Mkono bado ulisimama, ila kwa muda mfupi zaidi. Alifurahi, akanipongeza, akafunga sanduku lake. Nikarudi nyumbani kwa miguu, upepo ukinipiga usoni. Nikawasha redio, nikasonga ugali wa mtu mmoja.